Kunguru wa Mlandege na Kalamu ya Mchoraji

Katika vyuo vinavyofundisha uchoraji wa vielelezo, yaani picha za vitabu, magazeti na mabango, liko zoezi ambalo mwanafunzi hupewa mapema katika masomo yake. Huambiwa achague kiumbe mmoja, aghalabu ndege, na kazi zake zote za muhula zitokane na ndege huyo: michoro ya haraka ya penseli, mchoro mmoja wa kitaalamu wenye vipimo, picha ya hadithi ya watoto, chapa ya kitambaa, hata stempu ya barua. Mtu wa sayansi akilitazama zoezi hili kwa mbali hudhani ni mchezo wa watu wa sanaa. Hoja ya makala haya ni kwamba zoezi hilo ni somo la bayolojia lililopotea njia likaingia chumba cha jirani, na kwamba walimu wa sekondari wangefanya vema kulirudisha nyumbani.

Achukuliwe kwa mfano mwanafunzi wa namna hiyo anayeishi Mlandege, mojawapo ya kata za Manispaa ya Iringa. Jina la kata hiyo, kwa sikio la Mswahili, husikika kama "mla ndege". Asili yake halisi na waiamue wataalamu wa lugha; mzaha uliomo utapata mahali pake mbele. Kishawishi cha kwanza cha mwanafunzi huyo ni kuchagua heroe, tai, au korongo mwenye taji, yaani ndege wa kalenda na wa vipeperushi vya watalii. Ndege hao ni wazuri, lakini hawapo dirishani. Atawachora kutoka katika picha iliyopigwa na mtu mwingine, na hivyo atarithi macho ya mtu huyo pamoja na makosa yake. Mwalimu mwenye busara atamwelekeza kwenye paa la bati la nyumba ya pili, ambako ndege mweusi mwenye kifua cheupe amesimama akingoja masalio ya chakula.

Wahenga wamemtaja kunguru kwa uoga wake na kwa kutofugika kwake, na watu wengi hawamwoni kuwa ndege wa kutazamwa. Hata hivyo sifa hizo mbili ndizo zinazomfaa mchoraji. Kunguru husogea karibu kwa sababu ya njaa, na haikai akazoea kwa sababu ya uoga. Kwa hiyo huonekana kila siku, mchana kutwa, katika hali zote: akitembea, akiruka, akinyesha, akigombana na mwenzake juu ya mfupa. Heroe hatampa mwanafunzi wa Mlandege nafasi kama hiyo hata kwa nauli ya bure.

Jambo la kwanza ambalo kalamu humfunulia mwanafunzi ni kwamba neno "kunguru" ni moja, lakini ndege ni zaidi ya mmoja. Akiwa na shangazi Dar es Salaam, atakumbuka kwamba kunguru wa kule ana shingo ya kijivu na hana kifua cheupe. Huyo ni kunguru wa Kihindi, Corvus splendens, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 akaenea pwani yote, na sasa ni kero kwa vifaranga wa kuku na kwa mayai ya ndege wadogo. Kunguru wa paa la Mlandege ni mwenyeji wa Afrika, Corvus albus, mwenye weupe kifuani unaozunguka hadi nyuma ya shingo, mithili ya mtu aliyevaa fulana chini ya koti jeusi. Yuko na wa tatu, Corvus albicollis, ndege mkubwa wa majabali ya nyanda za juu, ambaye weupe wake uko kisogoni tu, na mdomo wake ni mnene, umepinda kwa juu, na ncha yake ni nyeupe. Mji wenye majabali kama Gangilonga si mahali pa kushangaa ukimwona huyo wa tatu akielea juu ya upepo.

Kijana anayeweza kusema "nimemwona kunguru" hana haja ya kujua tofauti hizi. Kijana anayetakiwa kumchora hawezi kuzikwepa. Weupe uanzie wapi na uishie wapi? Mdomo ni mrefu kuliko kichwa au mfupi? Swali la mchoraji ni lile lile la mwanabayolojia anayeainisha viumbe, ila mchoraji hulazimika kulijibu kwa mstari, wala hawezi kujificha nyuma ya sentensi kama "ni ndege wa ukubwa wa wastani".

Kuna namna ya kupima ambayo wachoraji huitumia na ambayo ingefaa kufundishwa katika kila darasa la sayansi. Mchoraji hunyoosha mkono wote, hufumba jicho moja, na kwa ncha ya penseli na kidole gumba hukamata urefu wa kichwa cha ndege. Kipimo hicho hukitumia kupimia mwili: mkia ni vichwa vingapi, mguu ni vichwa vingapi. Hajui sentimita hata moja, lakini uwiano anao. Mwalimu wa hisabati ambaye wanafunzi wake huona uwiano kuwa ni jambo la ubaoni tu, angewatoa nje kwa nusu saa wampime kunguru.

Kisha yako magoti. Darasa lolote likiagizwa kuchora ndege kwa kumbukumbu, wengi watachora mguu wenye goti linalopinda kuelekea nyuma, kinyume na la binadamu. Mwanafunzi anayemtazama kunguru kwa wiki mbili huanza kutilia shaka goti hilo. Mbona liko chini sana? Mbona paja halionekani? Ukweli ni kwamba kiungo kile si goti hata kidogo. Ni kifundo cha mguu. Ndege hutembea kwa vidole, kisigino kikiwa kimeinuliwa juu, na goti lake la kweli limefichwa na manyoya karibu na tumbo, nalo hupinda mbele kama la mtu. Mifupa ni ile ile, imerefushwa hapa na kuunganishwa pale. Mtu aliyelitambua hilo kwa kufuta mchoro wake mara nne ameonja anatomia linganishi, hata kama jina la taaluma hiyo hajawahi kulisikia.

Bawa nalo lina hesabu yake. Kunguru ana manyoya makuu 10 ya kurukia kwenye ncha ya kila bawa, na manyoya 12 ya mkia. Anaporuka juu ya paa akiwa ameyatandaza, manyoya ya ncha ya bawa huachana kama vidole vya mkono, na anayechora kwa makini anaweza kuona pengo pale unyoya mmoja ulipodondoka na mpya haujakua. Hapo mwanafunzi ameshaingia katika somo la kubadilisha manyoya, na mchoro wenye tarehe huwa kumbukumbu ya jambo hilo.

Lakini labda lililo tamu kuliko yote ni suala la rangi. Mchoraji wa penseli huupata weusi kwa kuongeza risasi juu ya karatasi, na weupe kwa kuiacha karatasi kama ilivyo. Manyoya ya kunguru yamefuata kanuna inayofanana na hiyo. Weusi wake ni chembechembe za melanini, aina ile ile ya rangi iliyomo katika ngozi na nywele za binadamu. Katika unyoya mweupe hakuna rangi iliyowekwa. Nuru yote huangukia vijifuko vya hewa na nyuzi za unyoya, ikatawanywa pande zote, na jicho likaona weupe. Tena melanini huuimarisha unyoya usichakae upesi. Ndiyo maana ndege wengi weupe, kama korongo wanaokuja kutoka Ulaya wakati wa kiangazi chetu, wana weusi kwenye manyoya ya kurukia, mahali panaposuguliwa na upepo na vumbi. Na kunguru wa Mlandege je? Weupe wake uko kifuani na shingoni, mahali pasipofanya kazi nzito ya kuruka. Swali hilo mwanafunzi hataliona katika kitabu chochote cha kidato cha pili, ila atalikuta kwenye karatasi yake mwenyewe, pale alipoacha kupaka.

Sasa na itazamwe hali ilivyo darasani. Kila mwalimu wa bayolojia anazijua kanuni za mchoro: penseli kali, mstari mmoja usiokatika, bila kivuli, majina ya sehemu kwa upande, kichwa cha mchoro chini. Kanuni hizo ni nzuri. Ubaya ni kwamba mahali pengi kitu kinachochorwa hakipo mezani. Mwalimu hunakili kutoka kitabuni hadi ubaoni, mwanafunzi hunakili kutoka ubaoni hadi daftarini, na siku ya mtihani hunakili kutoka kichwani. Mende wa nakala ya tatu ana miguu ambayo mende wa jikoni hana. Mwanafunzi hupewa alama kamili kwa kukumbuka picha, na hakuna aliyemwuliza kama amewahi kumtazama mende. Lawama zote asitupiwe mwalimu. Darasa la wanafunzi 80 lisilo na maabara ni mzigo mzito. Lakini kunguru hahitaji maabara.

Msomaji atauliza kama kutofautisha ndege kwa macho kumewahi kuleta faida kubwa kuliko alama za darasani. Jibu liko katika mkoa huo huo wa Iringa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Katika chungu cha chakula kambini waliona jozi ya miguu ya ndege wa jamii ya kuku, lakini miguu ile haikuwa ya kanga, wala ya kwale yeyote waliyemfahamu. Huo ndio mzaha wa "mla ndege" uliotajwa mwanzoni: sayansi ilifikishwa kwenye ugunduzi na mlo. Walimtafuta mwenye miguu wakampata, na mwaka 1994 Lars Dinesen na wenzake wanne walimtangaza katika jarida la Ibis kwa jina Xenoperdix udzungwensis, yaani kwale mgeni wa Udzungwa. Hakuwa spishi mpya tu; ilibidi aundiwe jenasi yake mwenyewe. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba jamaa zake wa karibu si kwale wa Afrika, ni kwale wa misitu ya Asia. Ndege mwenye uso wa rangi ya kutu, mdomo mwekundu, miguu ya manjano na madoa meusi juu ya kifua cha kijivu alikuwa akiishi, akitagia na kuliwa katika mkoa wa Iringa, na hakuna kitabu kilichokuwa na picha yake.

Waliomla bila shaka walimjua. Kilichokosekana ni mtu wa kulinganisha: mwenye kuyaweka mawazoni maumbo ya miguu ya kwale wengi kiasi cha kushtuka anapokutana na mguu usiolingana. Mshtuko wa namna hiyo haupatikani kwa kusoma orodha za majina. Huja kwa jicho lililozoezwa.

Historia ina kisa kilicho kinyume cha hicho. Baada ya mabaharia wa msafara wa Magellan kurudi Hispania mwaka 1522 wakiwa na ngozi za ndege wa paradiso kutoka visiwa vya Mashariki ya mbali, Ulaya iliamini kwa muda mrefu kwamba ndege hao hawana miguu na hawatui kamwe, kwa sababu wenyeji waliozikausha ngozi hizo huikata miguu. Wachoraji waliochora kutoka kwenye ngozi walieneza kosa hilo, na jina la Kilatini alilolitoa Linnaeus mwaka 1758, apoda, "asiye na miguu", lipo hadi leo. Kule palikuwa na ndege bila miguu. Ndundulu palikuwa na miguu bila ndege. Aliyechora asichokiona aliongeza ujinga, na aliyetazama alichokiona ndani ya chungu aliongeza elimu.

Si ajabu basi kwamba mmoja wa wale wanne walioshirikiana na Dinesen, Jon Fjeldså wa Makumbusho ya Zoolojia ya Copenhagen, ni mtafiti na mchoraji kwa pamoja. Kitabu cha ndege wa milima mirefu ya Andes alichokitoa na Niels Krabbe mwaka 1990 kina michoro ya mkono wake. Wala mfano hauko mbali na nyumbani. Jonathan Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935, akasomea sanaa Uingereza, akafundisha uchoraji Makerere, na kati ya 1971 na 1982 akatoa majuzuu makubwa juu ya mamalia wa Afrika Mashariki ambayo wanazoolojia bado huyafungua. Katika kazi ile mtu hawezi kusema sanaa imeishia ukurasa gani na sayansi imeanzia upi.

Wote wawili ni wazungu, na jambo hilo lisemwe wazi. Kitabu kinachotumika sana kutambulisha ndege wa Afrika Mashariki, cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002, kina spishi zaidi ya 1,300, na michoro yake ni ya Brian Small, John Gale na Norman Arlott. Ni kazi njema, na kila shule yenye uwezo ingefaa kuwa nayo. Lakini ni vigumu kuridhika kwamba nchi yenye ndege wengi kiasi hiki hutazama ndege wake kwa macho ya kuazima. Vipaji havikosekani, kibanda chochote cha rangi barabarani kinaonyesha hivyo. Kilichokosekana ni daraja kati ya kibanda kile na chumba cha bayolojia.

Kuna watakaosema kwamba zama hizi kila mtu ana kamera ndani ya simu, na penseli imepitwa na wakati. Hoja hii ina uzito, na msitu ule ule wa Ndundulu unaipa ushahidi. Mwaka 2003 katika mlima Rungwe, mkoani Mbeya, na mwaka 2004 Ndundulu, watafiti walimtambua kima ambaye Wanyakyusa walikuwa wakimwita kipunji. Alitangazwa mwaka 2005 kwa kutegemea picha za kamera, kwa kuwa hawakutaka kumwua mnyama adimu. Hata hivyo palizuka ubishi, na ni baada ya kima mmoja kufia katika mtego wa mkulima ndipo chembe za urithi zilipoonyesha kwamba yuko karibu na nyani, akaundiwa jenasi yake, Rungwecebus, mwaka 2006. Mchoro nao usingalitoa chembe za urithi. Kila chombo kina kazi yake: kamera humkamata kiumbe mmoja katika nukta moja ya wakati, pamoja na kivuli na jani lililomfunika, mchoro mzuri hukusanya viumbe wengi na saa nyingi katika umbo moja. Tofauti kubwa zaidi ni kwa mshika chombo. Kamera haimbadilishi aliyeishika. Anayepiga picha 100 za kunguru anaweza asijue kunguru ana vidole vingapi. Anayechora 20 anajua kwamba ni vitatu mbele na kimoja nyuma.

Upande wa sanaa nao una pingamizi lake. Wapo wanaoogopa kwamba mchoraji akitiwa nira ya sayansi atakauka. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora ndege kwa rangi ya mafuta juu ya ubao bila kuhesabu manyoya ya mtu, na hakuna mwenye akili atakayemsahihisha. Lakini zoezi la muhula halimfungi mwanafunzi katika mchoro wa kitaalamu. Akishamjua kunguru wake, yu huru kumrefusha shingo, kumvika kanzu, kumfanya hakimu katika hadithi ya watoto. Ndege wa hadithi anayechorwa na mtu anayejua ndege wa kweli ana uzito fulani, huonekana kama anaweza kuruka.

Linalotia wasiwasi zaidi ni mpangilio wa masomo. Kwa miaka mingi somo la uchoraji limekuwa la shule chache. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, jambo lenye manufaa yake. Lakini pasipo uangalifu, kijana mwenye mkono utaendelea upande mmoja na kijana mwenye hamu ya bayolojia upande mwingine, na kila mmoja atakosa nusu ya zoezi hili. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichopo Iringa tangu 2005, huandaa walimu wa sayansi na wa masomo ya sanaa katika eneo moja. Hapo ndipo pangefaa kuanzia, kwa mwalimu mtarajiwa wa bayolojia kutakiwa kuleta daftari la ndege mmoja kabla ya kuhitimu. Na kuta za makumbusho ya Boma ya Iringa zingeweza kubeba maonyesho ya madaftari hayo kila mwaka.

Mwalimu asiyetaka kungoja mtaala anaweza kuanza Jumatatu. Kila mwanafunzi achague ndege anayeonekana kutoka nyumbani kwao au uwanjani, si kutoka katika kitabu, na amchore mara 20 katika muhula, kila mchoro ukiwa na tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Ndege asikamatwe wala kupigwa manati. Kumkamata ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ndege aliyekutwa amekufa asishikwe kwa mkono, kwani yako maradhi yanayoambukiza. Shule za Kilolo, zilizo upande wa Udzungwa, zinaweza kuwauliza wazee habari za kwale wa msituni na kuziandika kando ya mchoro. Kifutio kitumike kidogo. Mchoro wa kwanza, wenye goti lililopinda nyuma, usichanwe. Ubandikwe ukutani kando ya ule wa ishirini, ili wazazi wanapokuja shuleni siku ya mahafali waione yote miwili.